Kupokea Nako ni Moyo

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeisikia kwenye harambee, misibani, na kwenye michango ya harusi inayotufuata hadi kwenye simu zetu kila mwisho wa mwezi. Inamsifu mtoaji. Mpokeaji haimgusi, yeye kazi yake ni kusema ahsante. Kilichonifanya niitilie shaka ni jambo lililo mbali kabisa na harusi: makumbusho madogo ya meli za mvuke katika mito ya Marekani.

Mwaka 1901 meli iitwayo Sprague iliundwa Dubuque, Iowa. Ilikuwa na gurudumu kubwa la makasia nyuma, na kazi yake ilikuwa kusukuma misururu ya matishari kwenye Mto Mississippi. Mwaka 1927 mji huohuo ukatoa nyingine, ndogo zaidi, ambayo baadaye iliitwa George M. Verity. Injini za dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke, wenye meli hizo hawakuwa na haja nazo tena. Sprague ilistaafishwa mwaka 1948, na mji wa Vicksburg ukaichukua kwa dola moja. Verity ilipewa mji wa Keokuk mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zote mbili zikawa makumbusho.

Dola moja! Nani angekataa? Lakini meli si picha ya kutundika ukutani. Kutu haina siku ya mapumziko. Kuna rangi, paa linalovuja, nyaya za umeme, bima, na mtu wa kufungua mlango hata siku ambayo wageni ni watatu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Meli iliyostaafu ni mgeni asiyeweza kushika jembe. Sprague iliungua Aprili 1974, na mji ukabaki na chuma kilichoteketea. Verity bado ipo, nchi kavu kando ya mto, na kila mwaka inadai fedha na mikono ya watu ambao hawakuwepo siku ilipopokelewa.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Anayesema "ndiyo" leo anawafunga watu ambao hawajazaliwa. Ana haki hiyo?

Swali hilo halihusu meli nzima tu. Katika makumbusho madogo, zawadi nyingi huja ndani ya boksi. Mzee amefariki, watoto wanagawana nyumba, na hakuna mwenye nafasi ya kuweka kengele, leseni ya unahodha na picha za watu wasiojulikana majina. Wanavipeleka makumbusho. Kukataa kunaonekana kama kumzika marehemu mara ya pili. Kwa hiyo boksi linapokewa, linawekwa stoo, na huenda likakaa miaka bila kufunguliwa. Je, huko ni kuheshimu, au ni kuahirisha kutupa?

Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi kupokea ni wajibu kama ilivyo kutoa. Lakini yeye alizungumzia zawadi inayorudishwa. Kitu cha makumbusho hakirudi kwa aliyekitoa. Kinasonga mbele, kwa wageni wa kesho. Kiswahili kina neno linalokaribia hali hii kuliko "zawadi". Neno hilo ni wakfu. Zawadi ni yangu, naweza kuiuza. Amana nitamrudishia mwenyewe. Wakfu hauuzwi wala haurudishwi, na manufaa yake ni ya wanaokuja. Na watu wa pwani walijua jambo moja la kivitendo: aliyejenga msikiti mara nyingi aliacha pia nyumba au shamba la minazi, ili mapato yake yalipe mafuta ya taa na matengenezo ya paa. Kutoa msikiti bila shamba kulikuwa kutoa nusu.

Basi, makumbusho yakatae kila kitu kisicho na shamba lake? Hapana, na hapa ndipo nasita. Kanuni hiyo ingewabakiza matajiri peke yao katika kumbukumbu. Picha ya mwenye kampuni ingekuja na hundi. Aproni ya mpishi wa meli isingekuja na chochote. Wapakuzi wa mizigo wa Mississippi, wengi wao Wamarekani weusi, hawakuacha mashamba.

Lakini aproni inahitaji boksi kavu na mtu wa kuandika ilikuwa ya nani. Meli inahitaji mji mzima. Kwa hiyo kipimo changu si mali ya mtoaji, ni ukubwa wa ahadi ya mpokeaji. Kabla ya kusaini hati ya hiba, aulizwe: utakitunza vipi, na nani atafanya kazi hiyo ukiwa haupo? Asiye na jibu amwambie mtoaji ukweli mlangoni, na amwelekeze kwa mwenye uwezo. Mtoaji ataumia siku hiyo, lakini atarudi nyumbani na kengele yake, na huenda akapata mjukuu wa kumsimulia ilikotoka.