Saa Moja Angani na Tangi la Maji



Liko jambo moja lililotusumbua moyo miezi mingi, nasi twaliandika hapa kwa kuwa twadhani limewafikia na wengine. Jambo lenyewe ni hili: Je, ni haki mtu kutoa fedha nyingi kwa furaha ya saa moja, eti asije akafa kabla hajaionja, hali nyumbani kwao wako wenye haja?

Siku hizi wako watu waandikao orodha ya mambo watakayo kuyatenda kabla ya kufa. Mmoja aandika kupanda Mlima Kilimanjaro, mwingine kuona theluji, mwingine kuvuka bahari. Mpwa wetu, mzaliwa wa Newala, afanyaye kazi Afrika Kusini, aliandika kuendesha helikopta. Wala hakutaka kuwa rubani. Alitaka somo la kwanza tu, ashike chombo kwa mikono yake angalau mara moja. Akalipa, akaruka, akampelekea mama yake picha.

Mama yake ni dada yetu. Alipoiona picha alifurahi kwanza, kisha akauliza bei. Na alipoambiwa, akanyamaza. Bei ya saa ile ilitosha kununua tangi la kukingia maji ya mvua pamoja na mifereji yake. Nanyi mjuao nchi yetu mwafahamu uzito wa neno hilo. Juu ya uwanda wa Makonde mvua hunyesha, lakini mchanga huyanywa maji yote. Chemchemi ziko chini, miguuni pa magenge. Bibi zetu walishuka alfajiri na mitungi, wakapanda tena jua likiwa kali. Mradi wa maji ya bomba ulioanzishwa katika miaka ya 1950 umepunguza taabu hiyo, walakini hata leo ziko nyumba zinunuazo maji kwa ndoo, na nyumba ya dada yetu ni mojawapo.

Kwa desturi ya Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Basi dada akatuomba tuseme na kijana, nasi tukamwandikia barua kali. Tulimtajia hatari, tukimkumbusha jinsi Deo Filikunjombe, Mbunge wa Ludewa, alivyokufa pamoja na wenziwe helikopta yao ilipoanguka katika pori la Selous, Oktoba 2015. Tukamtajia upotevu wa fedha. Mwisho tukamtajia majivuno, tukisema kwamba mtu arukaye ili apigwe picha hakwenda juu hata kidogo.

Jibu lake lilitujia tukiwa Masasi, kati ya ile miamba mikubwa. Lilianza kwa adabu: "Mjomba, shikamoo." Kisha akatueleza somo lake, nasi tukalisoma kwa pupa kuliko tulivyopenda kukiri.

Alisema kwamba mwalimu aliketi kando yake, naye ana vishikio vyake kamili, tayari kumwokoa. Mkono wa kushoto hushika wenzo ugeuzao ulalo wa mapanga yote ya juu kwa mara moja, na chombo hupanda au hushuka. Mkono wa kulia hushika fimbo iyainamishayo mapanga yale yazungukapo, na chombo huenda upande yalikoinamia. Miguu hukanyaga pedeli ziongozazo mapanga madogo ya mkiani, maana pasipo hayo kiwiliwili cha helikopta kingezunguka kama pia, kinyume cha mapanga ya juu. Mwalimu alimpa kishikio kimoja kwanza, kisha cha pili, kisha vyote. Kwenda mbele hakukuwa kugumu sana. Kazi ilikuwa kusimama angani mahali pamoja. Kila alipokaza mkono chombo kiliyumba, na kila alipokimbilia kukisahihisha kiliyumba zaidi upande wa pili, hata mwalimu akamwambia ashike kwa ncha za vidole tu, kama ashikaye yai. Akaweza kwa muda wa kuvuta pumzi chache, kisha akashindwa tena. "Mjomba," aliandika, "sijapata kuwa mjinga namna ile tangu darasa la kwanza, nami nilifurahi."

Juu ya hatari, alisema kwamba aliuliza kabla ya kupanda. Injini ikizimika, rubani hushusha upesi ule wenzo wa kushoto, na upepo upandao kutoka chini huendelea kuyazungusha mapanga hata akatua. Hakudai kwamba hatari haipo. Alidai tu kwamba hakuiendea kama kipofu.

Mwisho wa barua palikuwa na maneno machache, nayo ndiyo yaliyotuuma: "Mjomba, babu alikufa bila kuiona meli."

Yatupasa kueleza. Baba yetu alikuwa kijana wakati ule bandari ya Mtwara ilipojengwa kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Wenzake walikwenda kufanya kazi huko, wakarudi na habari za meli ndefu kuliko kijiji. Yeye hakwenda, kwa kuwa aliachiwa mashamba. Tangu hapo haja yake ilikuwa moja: kuiona meli ikiingia bandarini. Kutoka Newala hata Mtwara ni safari ya siku moja. Kila mwaka alituomba, na kila mwaka tulimjibu: "Mwakani, baba." Mwaka huu kuna ada za shule, mwaka huu kuna mabati, mwaka huu kuna msiba. Sababu zote zilikuwa za kweli, lakini hazikuwa kweli yote. Iko miaka ambayo korosho ziliuzwa vema na nauli ilikuwapo. Sisi tuliona tu kwamba hamu ya mzee ni jambo la kitoto, liwezalo kungoja. Hata akafa.

Basi tukajiuliza: tulimkemea mpwa wetu kwa ajili ya wajibu, au kwa kuwa tumezoea kuidharau furaha ya mtu mwingine? Maana sisi nasi, tulipokuwa watoto, tulisimama Newala ukingoni pa Shimo la Mungu, pale nchi ikatikapo ghafula na macho yakafika bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Tuliwatazama kozi wakielea chini ya miguu yetu, tukatamani kujirusha. Hatukumwambia mtu.

Tena hamu si adui wa wajibu sikuzote. Igor Sikorsky alitamani chombo cha namna hii tangu ujana wake, akashindwa, akangoja miaka mingi. Ndipo Septemba 1939, huko Marekani, akakiinua kidogo kutoka chini, kikiwa kimefungwa kamba. Na mwaka 2000, mafuriko yalipofunika kusini ya Msumbiji, marubani wa helikopta kutoka Afrika Kusini waliwatoa watu juu ya mapaa na miti, na mmoja wao ni mama aliyekuwa amejifungua mtoto juu ya mti. Kusimama angani mahali pamoja, kazi ile iliyomshinda mpwa wetu, ndiko kulikowaokoa watu wale. Naye kila rubani aliyeuweza ustadi huo alikuwa na saa ya kwanza ya kuyumba.

Walakini hatusemi kwamba kijana hana kosa. Dada yetu bado alinunua maji. Kosa lake, kwa maoni yetu, ni kwamba alikuwa na karatasi mbili: moja ya matamanio, aliyoisoma kila siku, na moja ya madeni, aliyoiweka chini ya sanduku. Nalo kosa letu ni kwamba tulikuwa na karatasi moja tu, ya madeni, tukawasomea na wengine kana kwamba ndiyo uhai wote. Ajuaye kwamba atakufa na aandike yote mawili katika karatasi moja, kwa wino mmoja: "Kuruka" na chini yake "tangi la mama", "mabati" na chini yake "baba aione meli". Kisha aisome mbele ya wale waliotajwa ndani yake. Furaha ambayo mtu aona haya kuitaja mbele ya mama yake, na aichunguze tena. Na wajibu usiomwachia mzee hata siku moja ya kuona bahari, nao na uchunguzwe.

Tulimwandikia mpwa wetu barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Tangi limenunuliwa: nusu alitoa yeye, nusu sisi. Na wakati wa msimu wa korosho tulimpeleka dada Mtwara. Meli ilikuwa gatini ikipakia magunia. Alisimama kitambo kirefu bila kusema neno, kisha akauliza kama baba angeweza kuiona kutoka pale tuliposimama. Tukamjibu kwamba angeiona vema.