Tunalea Mwana wa Nani?

Somo: Warumi 7:14–25



Mwenye Zaburi ya 104 alipoitazama bahari alistaajabia wingi wa viumbe vilivyomo, vidogo kwa vikubwa. Mwezi huu tunawaomba tutazame pamoja kimoja cha hivyo vidogo, maana kina la kutuonya.

Katika pwani za Ulaya yuko kaa wa rangi ya kijani, na kiko kimelea kinachomwingia, ambacho wataalamu wamekiita Sakulina. Kwa nje huonekana kama mfuko mdogo wa manjano chini ya tumbo la kaa. Mwaka 1836 John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyeishi Cork, Ireland, aliandika habari za watoto wanaotoka katika mfuko huo, akaonyesha kwamba kimelea hicho nacho ni cha ukoo mmoja na kaa na kamba. Mwaka 1884 Mfaransa Yves Delage, aliyefanya uchunguzi wake huko Roscoff, akaeleza jinsi kinavyoingia mwilini.

Huja kikiwa kidogo kama punje ya mchanga. Hujishikiza kwa kaa, kikamchoma kwa kitu kama sindano, na kupenyeza chembe chache tu. Kaa huendelea kula na kutembea, wala hakuna aonaye neno. Kumbe ndani zile chembe zinaota mizizi, nayo huenea hata miguuni ikinyonya chakula chake. Muda mrefu baadaye ndipo mfuko hujitokeza nje.

Hujitokeza wapi? Pale pale ambapo kaa jike hubeba mayai yake. Tangu hapo kaa hazai, wala hajivui gamba, na asiyejivua gamba hakui. Lakini mfuko ule anautunza! Anausafisha, anaulinda, na watoto wa kimelea wanapotoka huwapungia maji waende zao wakatafute kaa wengine. Hata kaa dume, tumbo lake hupanuka likawa kama la jike, naye akalea vivyo hivyo. Ungemtazama ungesema analea wanawe, kumbe analea kinachommaliza.

Tusimlaumu kaa, yeye hana dhambi. Wala tusimnyoshee kidole ndugu aliye mgonjwa, kana kwamba maradhi ni alama ya uovu wake. Lakini Mtume Paulo anawaambia Warumi kwamba dhambi imefanya makao ndani yake, hata anatenda asilolipenda. Basi tujiulize, ndugu zetu: sisi tunalea nini?

Pengine ni neno moja tu, lililosemwa siku ya kugawana shamba la marehemu. Liliingia dogo, nasi hatukulitoa. Miaka imepita, na bado tunalilisha: tunalisimulia upya, tunalitetea, tunaliita haki yetu. Kanisani tunakuja, tunaimba, sadaka tunatoa. Kwa nje tu wazima. Lakini upendo hauzai tena ndani yetu, wala hatukui. Tena tumewarithisha watoto wetu, hata hawawasalimii watoto wa baba yao mkubwa, wala hawajui ugomvi ulianzia wapi.

Kaa hawezi kuing'oa mizizi ile. Sisi nasi kwa nguvu zetu hatuwezi. Paulo mwenyewe alilia akiuliza ni nani atakayemwokoa, na papo hapo akamshukuru Mungu kwa ajili ya Yesu Kristo. Hilo ndilo tumaini letu, na ndiyo sababu Kanisa letu limeweka maungamo kabla hatujaijongea Meza ya Bwana. Tusiyapite maneno yale kama wimbo tuliouzoea. Jumapili ijayo, kabla ya kuyatamka, kila mmoja wetu akitaje moyoni kile anacholea, kwa jina lake. Na kama ndani yake limo jina la ndugu, tukumbuke agizo la Bwana katika Mathayo 5: tuiache sadaka, tukapatane naye kwanza. Safari ya kwenda kwake yaweza kuwa fupi kuliko miaka tuliyoipoteza.

Bwana atujalie kulivua gamba la kale, tukue katika yeye, na watoto wetu wapokee kwetu upendo badala ya uadui. Amina.