Mwaka Ulionunuliwa

Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilinunua mwaka mmoja kwa pauni milioni 5.5. Microsoft ilikwishatangaza tangu zamani kwamba Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, haingepata tena masasisho ya usalama baada ya tarehe 8 Aprili 2014. Siku ikafika, hospitali na ofisi za umma bado zimejaa XP. Ikabidi serikali ilipe ili iendelee kutengenezewa viraka hadi Aprili mwaka uliofuata. Taasisi za afya nazo zikaandikiwa barua: muda huo usiishe kabla hamjawa na mpango madhubuti wa kuhama.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Masasisho ya nyongeza hayaufanyi mfumo mkongwe kuwa mpya. Yanaziba tu matundu yanayogunduliwa. Anayeyalipia ni kama mpangaji aliyepewa notisi akaomba mwezi mmoja zaidi: akiutumia kulala, siku ya mwisho vyombo vyake vitakutwa bado ndani.

Mwaka ukaisha, serikali haikuongeza mwingine, na XP kadhaa zikabaki kazini. Si zote zilibaki kwa uzembe. Mashine ya MRI ni ya bei kubwa, hutumika miaka mingi, na kompyuta iliyofungwa ndani yake hospitali haiwezi kuigusa bila mtengenezaji.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kikaingia hospitalini na kufunga mafaili. Kwenye skrini kulitokea dirisha jekundu lenye saa mbili zikihesabu kurudi nyuma: lipa dola 300 kwa Bitcoin, zikipita siku tatu, ni 600, zikipita saba, mafaili yako basi tena. Barua pepe zikazimwa, wahudumu wakarudi kwenye kalamu na karatasi, wengine wakapashana habari kwa WhatsApp kwenye simu zao wenyewe. Magari ya wagonjwa yakageuzwa njia kwenda hospitali za mbali. Wakaguzi wa serikali walikuja kusema kwamba taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za afya ya umma huko England ziliathirika, na inakadiriwa miadi zaidi ya 19,000 ilifutwa, ya upasuaji ikiwemo.

Lawama zote zikamwangukia mzee XP. Uchunguzi ukaonyesha vingine: mashine nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka cha tundu ambalo kirusi kilipitia kilitoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, bila malipo ya ziada, na tahadhari zilitumwa Machi na tena Aprili. Hakikuwekwa. Kwangu mimi hili linatisha kuliko habari ya XP, maana linaonyesha kwamba ugonjwa haukuwa umri wa programu. Penye mazoea ya kusema “tutafanya wiki ijayo”, hata kiraka cha bure hubaki hakijawekwa, sembuse cha kulipia.

Sasa zamu ni ya Windows 10, iliyofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi zina prosesa za zamani ambazo Windows 11 haizikubali, kwa hiyo wenye nazo hawawezi kupandisha mfumo hivi hivi. Mtumiaji wa nyumbani alipewa nafasi ya kujiandikisha kupata masasisho hadi Oktoba 2026. Kampuni zimepewa miaka mitatu, kwa bei inayopanda makusudi: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Jumla ni dola 427, bei ya laptopu mpya ya kawaida. Na kampuni itakayosubiri ione kwanza hali itakuwaje, kisha ijiunge mwaka wa pili, italipishwa na ule wa kwanza.