Anayeweza Kumwinua Kitini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 122, ina maneno machache ambayo nimeyarudia mara nyingi mwaka huu: Spika hana kura, na kura zikilingana, hoja imeshindwa. Basi. Vuka mpaka uje kwetu Tanzania, Katiba inamnyima Spika kura ya kawaida lakini inampa kura ya uamuzi pale kura zinapolingana. Majirani wawili wametoa majibu mawili kwa swali moja: tumwamini kiasi gani aliyekaa kitini?

Swali hilo lilinifikia kwa njia ya kawaida kabisa. Wanafunzi wa uzamili chuoni kwetu tuna baraza letu. Wengi ni waajiriwa, huyu yuko Mwanza, yule Mtwara, kwa hiyo tunakutana kwa video. Niliwekwa kwenye kamati ya watu 4 ya kuandika kanuni za kumchagua mwenyekiti wa vikao na kuainisha madaraka yake. Wiki 2 nzima tulibishania kura ya uamuzi. Mwenzetu mmoja, mwanasheria, alitukumbusha desturi ya Uingereza inayohusishwa na Spika Denison tangu 1867: kura zikilingana, Spika aelekee upande unaoacha mjadala uendelee, na kama mjadala umekwisha, aache mambo yalivyo. Tarehe 3 Aprili 2019, wabunge wa huko walipogawanyika 310 kwa 310 katika sakata la kujitoa Umoja wa Ulaya, John Bercow alifuata njia hiyo akapiga kura ya hapana.

Lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu 1993. Tulikuwa tunaweka walinzi kwenye mlango usiopitwa na mtu. Madaraka ya kila siku yako kwingine: nani apewe nafasi, hoja ipi itangulie, nani ameambiwa muda wake umekwisha. Kwenye video jambo hili liko wazi zaidi, maana mwenyekiti ana kitufe cha kuzima kipaza sauti cha mtu. Ukumbini ukinyimwa nafasi unaweza kusimama, ukanung'unika, ukatoka nje kwa kishindo na watu wote wakakuona. Kwenye video unabaki unafungua na kufumba mdomo kama samaki, na wenzako hawajui kama umenyamazishwa au bando limekwisha.

Kwa hiyo tukarudi nyuma: huyu mtu tumpate wapi? Kenya inataka Spika awe mtu mwenye sifa za kuwa mbunge lakini asiwe mbunge. Kenneth Marende alikuwa ndio kwanza amechaguliwa mbunge wa Emuhaya, Desemba 2007. Januari 2008, baada ya mabishano marefu bungeni kuhusu usiri wa kura, akamshinda Francis ole Kaparo kwa kura 105 dhidi ya 101. Akaachia jimbo, na watu wa Emuhaya wakarudi tena kwenye foleni ya kura. Hiyo ni gharama, tena wanailipa watu ambao hawakuulizwa. Na pamoja na gharama hiyo, kura zenyewe zilifuata vyama.

Hata hivyo, mwaka 2009 Rais na Waziri Mkuu wa serikali ya mseto walipopeleka kila mmoja jina lake la kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, Marende hakumpa yeyote kati ya hao wawili ushindi. Alishika mwenyewe, kwa muda, uenyekiti wa kamati ya shughuli za Bunge. Waliompa kiti hawakupata walichotaka. Nadhani aliweza kwa sababu moja isiyo na uhusiano na uadilifu: pande zilikaribia kulingana, na hakuna upande ambao ungeweza kumng'oa peke yake.

Kwetu, Ibara ya 84 inasema Spika huchaguliwa na wabunge, na azimio la kumwondoa linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Tarehe 6 Januari 2022 Job Ndugai alitangaza kujiuzulu, siku chache baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya serikali kuzua mtafaruku. Taarifa yake ilieleza kuwa barua ameiandika kwa Katibu Mkuu wa CCM. Bunge halikupiga kura ya kumwondoa. Februari 1 wabunge wakamchagua Dkt. Tulia Ackson. Siandiki haya kumtetea Ndugai, maana wapinzani wa zama zake wana mengi ya kusema juu ya namna alivyoongoza. Ninachotazama ni njia iliyopitwa na barua. Ukitaka kujua mwenye kiti anamtumikia nani, usisome kifungu cha kumchagua. Tazama ni nani akikunja uso, yeye anasimama.

Ndiyo maana niliiandikia kamati kwamba mwenyekiti aondolewe na baraza lenyewe tu, kwa theluthi mbili, kwa kura ya siri, na viongozi wa jumuiya wasiwe na njia ya pembeni. Kitufe kishikwe na katibu, na kila akizima sauti ya mtu aandike jina, saa na sababu. Tena, wajumbe 5 wakipinga uamuzi wa mwenyekiti, baraza liamue papo hapo kwa wingi wa kawaida.

Mwanasheria akanishika hapo. Walio wengi, alisema, watapinga kila uamuzi unaomlinda mnyonge. Hoja nzito, na ilininyima usingizi. Nilichopata ni kuigawa kanuni: uamuzi wa kumnyima mtu nafasi ya kusema unaweza kupingwa, ila uamuzi wa kumpa nafasi haupingwi na yeyote, hata wawe 50. Kumbe Denison alikuwa na kazi kwetu, ila si kwenye kura.

Mwanasheria amekubali nusu. Anataka nafasi hiyo iwe na kikomo, la sivyo mtu mmoja ataongea hadi alfajiri. Yeye anasema dakika 2, mimi nasema 5.