Noti Ndani ya Kitabu cha Mapishi



Mwaka jana nilinunua kitabu cha mapishi kwa muuza vitabu vikuukuu jijini Nairobi. Nililipa shilingi 150, nikampelekea mke wangu zawadi. Jioni, alipokuwa akipekua kurasa, zikaanguka mezani noti nne za shilingi 1,000. Furaha yetu haikudumu. Zilikuwa noti za zamani, zile zilizokoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Pamoja nazo palikuwa na kikaratasi chenye majina ya miezi minne, na mbele ya kila mwezi 1,000. Jina la mtu halikuwepo.

Nikasema, "Huyu ni mama aliyekuwa akimficha mumewe."

"Umejuaje, Baba?" akaniuliza mke wangu.

"Ni mwanamume gani atafungua kitabu cha mapishi?"

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Ndugu msomaji, ukinunua kitabu, je, umenunua pia kilichofichwa ndani yake? Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2409) yafundisha kwamba kubaki kwa makusudi na kitu kilichopotea cha mwingine ni kinyume cha amri ya saba. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yaagiza kitu cha namna hiyo kitunzwe mpaka mwenyewe aje kukitafuta. Basi nilirudi kwa muuzaji. Akaniambia kwamba yeye hununua vitabu kwa magunia, hajui vimetoka nyumba gani. Hapo dhamiri yangu ikatulia. Niliona jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Siku ya tatu mke wangu alileta kitabu chake cha nyimbo. Akatoa katikati ya jalada lake la plastiki shilingi 6,500, akaziweka mbele yangu. "Ni zangu za chama," akasema. "Sitaki ziishie kama zile."

Nilikasirika. Mimi, katekista, ninayewafundisha wachumba kwamba wawili huwa mwili mmoja, ninafichwa nyumbani mwangu! Nikamuuliza kwa ukali kwa nini alinificha. Akajibu polepole, "Baba, zile za mwanzo nilikuonyesha. Ukamkopesha rafiki yako bila kuniuliza, na hazijarudi hadi leo."

Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilikumbuka Kitabu cha Tobiti, sura ya 2. Tobiti alikuwa amepofuka, na mkewe Ana alifanya kazi ya mikono ili wapate riziki. Siku moja matajiri wake walimpa mbuzi mchanga juu ya ujira wake. Tobiti alipomsikia mbuzi akilia, alidhani ameibwa, akaamuru arudishwe. Ana alimweleza, lakini hakumsadiki. Huyu ndiye Tobiti aliyehatarisha maisha yake kwa kuzika maiti za ndugu zake! Alikuwa mwema kwa watu wote, lakini mbele ya mkewe alihukumu kwanza.

Je, kila jambo lililofichwa ni dhambi? La. Mama mwenzake akimwamini mke wangu kwa siri yake, siri hiyo si yangu. Katekisimu (na. 2489) yasema hatulazimiki kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Lakini katika mambo ya riziki ya nyumba, mume na mke wana haki ya kujua. Kwa hiyo aliyeficha ana kosa lake. Na yule aliyefanya ukweli uwe wa hatari kusemwa, naye ana lake. Mara nyingi tunamhukumu wa kwanza na kumsahau wa pili, hasa ikiwa wa pili ni sisi wenyewe.

Tazameni pia hasara ya kuficha. Zile 4,000 zilifichwa vizuri mno. Mwaka 2019 noti zilipokuwa zikibadilishwa, hakuna aliyekuja kuzitoa. Huenda mwenyewe alisahau, huenda alifariki. Akiba ya miezi minne ikawa karatasi, na watoto wa nyumba ile hawakuipata.

Nilimwomba mke wangu msamaha. Tulikubaliana nimrudishie fedha zile kwa shilingi 500 kila mwezi, na akiba ya chama ibaki mikononi mwake, sote wawili tukijua ni kiasi gani. Tuliafikiana tena kwamba kila mmoja awe na fedha kidogo asizodaiwa hesabu.

Siku hizi wengi hawafichi tena katika vitabu, wanaficha katika simu. Sisemi mwende kupekua. Anayepekua hutafuta kosa, na hatalikosa. Lakini ukikuta jambo usilolitarajia, uliza kabla ya kuhukumu, na uulize kwa sauti ambayo mwenzako anaweza kuijibu.

Leo usiku, watoto wakishalala, kila mmoja amwulize mwenzake: "Je, kuna jambo unaloogopa kuniambia? Nilifanya nini hata ukaogopa?" Kisha msikilize bila kumkatiza. Zile noti nne bado tunazo katika kitabu chetu cha mapishi, ukurasa uleule.

Mungu azibariki ndoa zenu.