BAKSHISHI: NI SHUKRANI AU NI DENI?

Vijana wetu wengi wa Mtwara na Mikindani siku hizi wanajifunza kazi za hoteli na za ubaharia, na hilo ni jambo jema. Baadhi yao hutuuliza: Je, ni vizuri mtumishi kupokea bakshishi? Na wazazi wao huuliza kutoka upande wa pili: Je, msafiri aliyekwisha kulipa nauli yake ana wajibu wa kutoa kitu tena? Swali hili laonekana dogo, kama senti iliyoanguka mchangani. Lakini ukilichimba utakuta chini yake swali kubwa: ni nani anayepaswa kumlipa mtu anayetutumikia?

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana lugha yetu ina hazina kubwa katika jambo hili. Bakshishi ni neno lenye asili ya Kiajemi, na maana yake kwetu ni zawadi apewayo mtu kwa kazi aliyoifanya vizuri. Kilemba ni ada aliyopewa fundi au mwalimu pale mwanafunzi wake alipohitimu. Kiinua mgongo hupewa mtu anapomaliza utumishi wake. Sisi wastaafu twalijua sana neno hilo, na twajua pia jinsi mgongo unavyoweza kuchelewa kuinuka. Hongo, zamani za misafara ya karne ya 19, ilikuwa ushuru wa njia uliolipwa waziwazi kwa watawala wa nchi ili msafara upite kwa amani. Leo ni jina la rushwa. Na chai, kinywaji cha heri, nayo imepata jina baya pale mwenye kalamu anapoiomba kabla ya kugonga muhuri. Maneno haya mawili ya mwisho yalikuwa safi, yakachafuka pale kitu kilipoanza kudaiwa kwa siri kwa ajili ya haki ambayo mtu alikuwa nayo tayari. Bakshishi bado inasimama katikati: yaweza kwenda upande wa kilemba, na yaweza kwenda upande wa hongo.

Sisi watu wa kusini tulisoma somo hili melini. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulitukata na Dar es Salaam, na wakati wa masika barabara ilikuwa tope tupu. Kwa watu wengi bahari ndiyo iliyokuwa barabara. Bandari yetu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza na kumalizika mwaka 1954, ilipokea meli za abiria. Watu walilala sitahani juu ya mikeka yao, pamoja na kuku na magunia ya korosho. Nauli ilikuwa nafuu, na wengi walishukuru kupata nafasi tu.

Lakini tumewahi kusafiri katika meli moja, ambayo hatutaitaja, ambamo maji ya kunywa yaliyokuwa haki ya kila abiria yalifika upesi kwa waliompa kitu mhudumu, na yakachelewa sana kwa mama mmoja mwenye watoto aliyekaa karibu na ngazi. Wote walikuwa na tiketi ya rangi moja. Wazee walisema, penye udhia penyeza rupia. Methali hiyo humtoa mtu mmoja katika shida yake, lakini kila anayepenyeza rupia humsukuma nyuma kidogo yule asiye na rupia. Je, mhudumu yule alikuwa mtu mbaya? Hatudhani. Tulipozungumza naye alituambia kuwa mshahara wake wa miezi miwili ulikuwa haujafika, naye alikuwa na watoto shuleni. Alikuwa amekwisha kujifunza kuwatazama abiria mikononi kabla ya kuwatazama usoni.

Sasa tutoke katika bahari yetu twende katika bahari kubwa, maana kijana wetu atakayepata kazi katika meli za kitalii atakutana na jambo hilohilo katika sura kubwa zaidi. Meli hizo ni hoteli zinazoelea; kubwa kati yake huchukua abiria zaidi ya 5,000 kwa safari moja. Wenye mali aghalabu wako Marekani au Ulaya, lakini meli nyingi zimeandikishwa Bahamas au Panama, na wanaotandika vitanda na kuosha vyombo wengi wao ni watu wa Ufilipino, Indonesia na India, ambao hukaa mbali na nyumba zao kwa miezi mingi. Makampuni yanayoshindana kwa bei hutangaza nauli ndogo, hata mtu wa kipato cha kawaida aweza kusafiri. Kisha, mtu akiwa safarini, hesabu yake huongezewa kila siku fedha ya huduma, ambayo ndiyo bakshishi ya watumishi. Katika makampuni mengi abiria aweza kwenda kwa karani wa hesabu akaomba fedha hiyo ipunguzwe au iondolewe.

Basi hapo ndipo ugomvi unapoanza. Abiria husema: "Chumba changu kilichelewa kufagiliwa, na mhudumu wa mezani hakuwa mchangamfu. Kwa nini nitoe zawadi? Na kama si zawadi, kwa nini haikuandikwa katika nauli?" Mtumishi naye husema: "Nimepewa vyumba vingi kuliko nguvu zangu. Fedha hiyo ndiyo inayowasomesha wanangu, wala si sukari ya juu." Wasomaji, tukiwasikiliza vizuri tutaona kwamba wote wawili wana haki. Lakini katika ugomvi huu yuko mtu wa tatu ambaye hasemi neno, naye ni mwenye meli. Yeye ndiye aliyepanga nauli iwe ndogo ili meli ijae. Yeye ndiye aliyepanga mshahara uwe mdogo ili nauli iwezekane. Kisha amewaachia watu wawili wasio na uwezo mkubwa wagombane juu ya sehemu iliyobaki. Unafuu wa nauli haukushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyeulipa kwa mgongo wake.

Mpango huu una historia, tena historia inayotugusa sisi wa pwani hii. Marekani ilipofuta utumwa mwaka 1865, kampuni ya Pullman, iliyokuwa na mabehewa ya kulala katika treni, iliajiri wanaume weusi, wengi wao waliotoka utumwani, kuwatumikia abiria usiku na mchana. Mshahara wao ulikuwa mdogo makusudi, kwa kuwa kampuni ilitegemea kwamba abiria watajaza pengo kwa bakshishi. Hivyo mtu aliyekwisha kuwa huru kwa sheria alilazimika kutabasamu hata alipotukanwa, maana chakula cha wanawe kilikuwa katika mfuko wa yule anayemtukana. Mwaka 1925 watumishi hao waliunda chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12, yaani mwaka 1937, walipata mkataba na kampuni. Hata hivyo desturi haikufa. Katika sheria ya taifa ya Marekani, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi anayepokea bakshishi kimebaki dola 2 na senti 13 kwa saa tangu mwaka 1991, ingawa majimbo kadhaa yameweka kima cha juu zaidi.

Tunasema historia hii inatugusa kwa sababu Mikindani na Kilwa zilikuwa bandari ambazo misafara ya watumwa iliishia. Na watu walioanzisha kijiji cha Kikristo Masasi mwaka 1876, pamoja na Askofu Steere, walikuwa watu waliokombolewa katika utumwa. Wajukuu wao wangali miongoni mwetu. Sisi hatuna budi kujua kwamba uhuru wa mtu haukamiliki ikiwa riziki yake inategemea kumfurahisha kila apitaye.

Huenda msomaji mmoja atasema: "Lakini Mwalimu, bila bakshishi mtumishi atalala. Tumaini la zawadi ndilo linalomfanya achangamke." Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Tumeingia katika mikahawa ambamo mhudumu alikuwa na mshahara wa hakika na bado akatuletea uji uliopoa pamoja na uso ulionuna. Lakini tujiulize: muuguzi wa zahanati akimhudumia vizuri anayempa kitu na kumnyima asiyempa, tutasema amechangamka? Mwalimu akimfundisha kwa bidii mtoto ambaye baba yake ameleta kuku, na kumwacha mtoto wa mjane, tutasema ametiwa moyo? Tutasema amekula rushwa. Kazi njema huletwa na mafunzo, na msimamizi mwenye macho, na mshahara unaofika kwa wakati, na heshima. Mtumishi mvivu aonywe na aliyemwajiri. Haifai adhabu yake iwekwe mikononi mwa kila mgeni mwenye hasira ya safari.

Nchi yetu imekwisha kulipima jambo la namna hii katika mizani ya sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kama desturi ya ukarimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vilikuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na mali. Ni kweli kwamba mhudumu wa meli si mgombea wala abiria si mpiga kura. Lakini kipimo ni kilekile, nacho ni chepesi kukumbuka: mtazame yule asiye na kitu. Ikiwa zawadi yangu haimpunguzii yeye haki yake, ni zawadi. Ikiwa kwa sababu yake yeye atakosa maji, au kiti, au salamu njema, basi nimenunua haki ya mwenzangu, hata kama nilitoa kwa tabasamu. Yakobo naye, katika sura ya pili ya Waraka wake, aliwakemea waumini waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumsimamisha maskini pembeni.

Maandiko yanatupa pia habari ya Gehazi, mtumishi wa Elisha, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano. Naamani alipopona ukoma alitaka kumpa nabii zawadi kubwa, na Elisha akakataa. Gehazi akaona hasara, akakimbia nyuma ya gari akaomba kwa uongo talanta ya fedha na mavazi, akapewa hata zaidi ya alichoomba. Naamani alitoa kwa furaha, wala hakuona amedhulumiwa. Kosa la Gehazi lilikuwa kugeuza neema iliyotolewa bure kuwa deni. Kila mtumishi anayemfuata mgeni hadi mlangoni na mkono wazi na akumbuke mbio zile. Lakini tusimsomee Gehazi huyu kila siku mtumishi peke yake. Tuwasomee pia wenye mali, ambao humfundisha mtumishi kukimbia hivyo kwa kumnyima mshahara wa kutosha.

Tufanye nini basi? Tuna mashauri matatu.

Kwanza, kwa wenye vyombo, hoteli na mikahawa: andikeni bei ya kweli. Ikiwa mshahara wa haki unaongeza nauli, ongezeni nauli, mseme sababu yake. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka baharia alipwe kamili walau kila mwezi, na unaweka kiasi cha mapumziko, mfano saa 10 katika kila saa 24. Hicho ni kiwango cha chini kwa meli za dunia, na aliye na hoteli ya vyumba sita hapa Mikindani naye aweza kujipima kwacho.

Pili, kwa vijana wetu watakaokwenda kutumika: kabla ya kutia sahihi, ulizeni mshahara ni kiasi gani bila bakshishi. Mkipewa kitu, pokeeni kwa mikono miwili na mseme asante. Msipopewa, msibadili uso. Yule mgeni asiyetoa huenda amekusanya nauli yake kwa miaka mitatu.

Tatu, kwa sisi wasafiri na wageni. Tukifika mahali ambapo tunajua wazi kwamba mtumishi hulipwa kwa bakshishi, tusijidai tunapinga desturi mbaya kwa kumnyima yeye. Huko ni kumpiga mtoto kwa kosa la baba. Tumpe haki yake, kisha tumwandikie mwenye mali. Mahali ambapo mshahara ni wa haki, tutoe tukipenda, baada ya kazi na si kabla yake, bila kutaka kutangulizwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na tuwe na tahadhari na furaha yetu ya vitu rahisi. Tunapoambiwa bei ya ajabu, iwe ya meli, ya chumba au ya kibarua wa shambani, tuulize sehemu iliyobaki inalipwa na nani.

Hilo ndilo tunalotaka wasomaji wetu waende nalo. Mshahara ni deni, na deni hulipwa na aliyeajiri. Bakshishi ni shukrani, na shukrani haidaiwi. Siku mambo haya mawili yatakapowekwa kila moja mahali pake, yule mama wa karibu na ngazi atapata maji yake kwa wakati, na mhudumu aliyemletea atakuwa na sababu ya kumtazama usoni.