Askari Baada ya Sare

Nguo ya askari ina nguvu ambayo mwili uliomo ndani yake hauna. Mtu aliyepita sokoni jana bila ya kutazamwa, leo akivaa sare na kofia yenye nembo ya serikali, magari husimama kwa mkono wake, na maneno yake machache huweza kumlaza mtu mahabusu. Nguvu hiyo si mali yake. Ni ya sheria, na sheria ni ya watu. Yeye ameazimwa tu. Ifikapo siku ya kustaafu azima hurudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo nataka tulitafakari: mtu aliyezoea kutiiwa kwa lazima hubaki na nini siku ile asipoweza tena kumlazimisha mtu yeyote? Nadhani jawabu huonekana wazi pale mtu huyo ajitiapo katika utumishi wa jirani zake, na hasa katika kazi ya kulea vijana kwa michezo.

Swali hili si la kupitishia wakati tu. Katika Mwanza, mji wa majabali uliokaa ukingoni mwa ziwa, lina uzito wake. Kwa miaka mingi watu wameteremka humo kutoka vijiji vya Usukuma, visiwa vya Ukerewe na nchi ya Mara, wakitafuta riziki. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alizaa viwanda vya minofu katika miaka ya 1990, navyo viliwaletea wengine fedha, na wengine matumaini matupu. Miongoni mwa walioteremka walikuwamo watoto wasio na wazazi mjini, waliolala katika baraza za maduka na karibu na mialo ya wavuvi. Kwa mtoto wa namna hiyo askari alikuwa mtu wa kukimbiwa. Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka utawala wa Kiingereza ilikuwa na vifungu juu ya wazembe na wazururaji, na asiye na makao hakuwa mbali na maelezo yake. Mtoto huyo aliujua mkono wa sheria kabla ya kuujua uso wake.

Mfano wa askari aliyewaonyesha watoto uso huo upo kaskazini mashariki ya ziwa letu, katika nyanda za juu za Kenya ambazo mito yake huteremkia ziwa hili hili. Kipchoge Keino alizaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Wanandi, akaonja uyatima angali mdogo. Alijiunga na polisi, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo. Sifa yake katika mbio yajulikana. Mwaka 1968 huko Mexico alishiriki mashindano ya Olimpiki akiumwa nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimwangusha karibu na mwisho; aliinuka akamaliza, ingawa alikwisha kutolewa katika hesabu ya washindani. Siku chache baadaye alipata medali ya fedha katika mita 5,000, kisha dhahabu katika mita 1,500, akimwacha nyuma Jim Ryun wa Marekani. Mwaka 1972 huko Munich alitwaa dhahabu nyingine katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Lakini medali hizo, kwa hoja yetu, ni utangulizi tu. Yeye na mkewe Phyllis walipokea mayatima nyumbani mwao, kwanza wachache, kisha makumi; na kwa kupita miaka wakawa mamia. Huko Eldoret shamba lilitoa chakula cha watoto hao, shule ya msingi ikafunguliwa mwaka 1999, na shule ya sekondari ikafuata mwaka 2009. Hapo pia vijana wa mbio walipata mahali pa kufanyia mazoezi. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Olimpiki iliyowekwa kwa ajili ya wale walioitumia michezo kwa elimu, utamaduni na amani.

Ni kitu gani basi kilichovuka kutoka Kiganjo hadi Eldoret? Hapana shaka si amri. Kuruta hukimbia kwa sababu ameamriwa, na asipokimbia iko adhabu. Yatima hawezi kupendezwa na maisha kwa amri. Kilichovuka ni tabia ambazo amri ilikuwa imezifunika: kuamka mapema, kutunza ahadi ya saa, kuvumilia maumivu, na kutangulia mwenyewe mahali unapotaka wengine wafike. Tabia hizi askari hazirudishi pamoja na sare, kwa kuwa hakuazimwa. Ikiwa anazo, atazichukua aendako. Na ikiwa hakuwa nazo, siku ya kustaafu ndiyo siku ya kujulikana umaskini wake.

Yuko atakayesema kwamba mfano huu ni mwepesi, maana mtu mwenye jina kubwa hupata misaada ambayo koplo mstaafu wa Igogo au Mabatini hawezi kuipata. Ni kweli, jina hufungua milango. Walakini jina halimwamshi mtu usiku mtoto wa mwingine anapougua homa. Mwingine atasema kwamba vijana wa leo hawasikii ila fimbo, na kwamba askari mstaafu afaa kuwafundisha kwa sababu hiyo hiyo. Hoja hii ndiyo ya hatari. Mtu wa namna hiyo hakuvua sare, ameihamishia uwanjani. Kijana humtii kwa hofu, na hofu hukoma mtishaji akitoa mgongo. Uwanja wa michezo hauna ukuta wala kufuli. Kijana akiudhika atakwenda zake, na mwalimu hana waranti wa kumrudisha. Kila jioni arudipo kwa hiari yake, amemhukumu mwalimu wake na kumwona mwema.

Aina ya mchezo si kitu kikubwa. Katika nchi za baridi wako wanaowafundisha vijana kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, na somo lao la mapema ni namna ya kuanguka na kuinuka. Kwetu ni mpira na mbio, na somo ni hilo hilo. Timu ya vijana waliopata kuishi mitaani, walioiwakilisha Tanzania katika Kombe la Dunia la watoto wa mitaani, ilifika fainali huko Durban mwaka 2010 ikashindwa na India. Mwaka 2014 timu iliyotoka Mwanza ilikwenda Rio ikalitwaa kombe, ikiwashinda Burundi. Mji ambao uliwazoea watoto kama hao wakifukuzwa ulisikia wakishangiliwa. Watoto hawakugeuka kwa siku moja. Ni macho ya watu yaliyogeuka. Hata hivyo, kombe si mkate. Mchezo usiofuatwa na chakula, shule na makao humrudisha mtoto barazani akiwa na kumbukumbu tamu tu. Keino alilijua hili, ndiyo maana jiko na darasa vilikuwa sehemu ya kazi yake.

Iko tofauti moja ya mwisho kati ya kutawala na kulea. Mtawala huogopa kupitwa, lakini mlezi hufanya kazi ili apitwe. Mwaka 1973 huko Lagos kijana wa Tanzania, Filbert Bayi, alimshinda Keino katika mita 1,500. Kwa mkimbiaji huko ni kushindwa; lakini kwa mlezi kupitwa na vijana ni ujira. Bayi naye, aliyekuwa askari wa jeshi, baadaye alianzisha shule.

Wana TANU waliahidi zamani kwamba cheo ni dhamana. Dhamana hurudishwa, na mwenye kuirudisha huulizwa ameitunzaje. Askari mstaafu huulizwa swali hilo bila ya hakimu wala jalada la kesi. Huulizwa na watoto wa mtaa wake: ama watamkimbia kama walivyozoea, ama watamkimbilia.